Binti ana Wani, udaktari umemkataa: pointi zinavyosomwa

Mama mmoja wa Nanguruwe alikuja kwenye steshenari tunakojazia vijana maombi ya vyuo hapa Mtwara mjini, akiwa na binti yake na hasira zake. Binti alikuwa amesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na kupata Wani, divisheni ya kwanza, ya pointi 8. Nyumbani walishaanza kumwita dokta. Kijana wa jirani yao, tahasusi hiyo hiyo, alikuwa na Tuu ya 12. Wote wawili waliomba shahada ya udaktari, chuo kimoja. Mfumo ukasema kijana ana sifa, binti hana.

"Mwanangu," mama akaniambia, "hapo pana mkono wa mtu."

Hapakuwa na mkono wa mtu. Palikuwa na E ya Fizikia.

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likifunguliwa, kisa kama hiki kinarudi na sura mpya. Ushauri unatoka kila upande: kwa shemeji aliyesoma zamani, kwa mwalimu mstaafu, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wengi wa washauri hao si waongo. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake, na maswali yako matatu.

Swali la kwanza ni la kufaulu. Hilo ni la Baraza la Mitihani, NECTA, ambalo hutoa gredi na divisheni, na kazi yake inaishia hapo. Swali la pili ni la kuwa na sifa. Hilo ni la Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo kila mwaka hutoa mwongozo wa udahili unaoeleza kila kozi ya kila chuo inataka masomo gani na kwa gredi gani. Swali la tatu ni la kuchaguliwa, na hapo ni chuo chenyewe kinachopanga waombaji wenye sifa na kuchukua kuanzia juu mpaka nafasi ziishe. Mtu anaweza kufaulu vizuri akakosa sifa. Anaweza kuwa na sifa asichaguliwe. Binti wa Nanguruwe alikwama kwenye la pili, wakati mama yake alikuwa anahesabu la kwanza.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe, maana ndipo fundo lilipo.

NECTA inapopanga divisheni za kidato cha sita, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinajumlishwa pointi za masomo matatu ya tahasusi. General Studies na ile hesabu ndogo ya BAM hazimo. Jumla ikiwa 3 hadi 9 ni Wani, 10 hadi 12 ni Tuu, 13 hadi 17 ni Thrii, na kuendelea. Kwa hiyo hapa ndogo ndiyo bora, kama mbio za mita mia: namba moja ndiye mshindi.

TCU inahesabu kinyume. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Hapa kubwa ndiyo bora, kama msimamo wa ligi. Mwenye A tatu, ambaye NECTA inamwandikia 3, TCU inamwandikia 15. Mtu akikwambia "udaktari unataka pointi 6", muulize kwanza anahesabu kwa mizani ipi. Nimeshamwona mzee aliyekata tamaa kabisa kwa sababu mwanawe ana "pointi 12, na wanataka 6".

Binti wetu alikuwa na A ya Biolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia. Kwa NECTA ni 1 na 2 na 5, jumla 8, Wani safi. Kwa TCU ni 5 na 4 na 1, jumla 10. Kijana wa jirani alikuwa na D tatu mfululizo. Kwa NECTA ni 12, Tuu ya mwisho mwisho. Kwa TCU ni 6. Ukitazama jumla peke yake, kwa mizani yoyote ile, binti yuko mbele sana.

Ila sharti la udaktari halisomi jumla peke yake. Kiwango cha chini cha shahada ya udaktari kwa anayetoka kidato cha sita ni prinsipo tatu (prinsipo ni ufaulu wa A hadi E), za Fizikia, Kemia na Biolojia, jumla isiyopungua pointi 6, na kila somo lisishuke chini ya D. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomwangusha. Ni mambo ya mafiga: mawili yakiwa marefu na la tatu fupi, sufuria haikai. Na urefu wa yale mawili haulisaidii lile fupi. Pengine ndio unazidisha kuinamisha chungu.

Hapo hapo limalizwe na swali la CBG, maana huulizwa kila siku. Aliyesoma Kemia, Biolojia na Jiografia hana Fizikia ya kidato cha sita, basi mlango huu wa moja kwa moja haumhusu hata akipata A tatu. Wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, naye hana Biolojia. Zipo kozi nyingine za afya ambazo sharti lake la Fizikia ni jepesi zaidi au linakubali somo jingine badala yake, na uuguzi ni mfano mzuri, lakini hizo ni kozi nyingine. Anayechagua tahasusi kidato cha nne kwa sababu "CBG nayo ni sayansi" ajue hilo mapema.

Neno moja kwa wenye vyeti vya 2014 na 2015. Miaka hiyo gredi zilipangwa tofauti, kukawa na B+, na kila herufi chini yake ikasogea: kwa mizani ya TCU, B ikawa pointi 3, C ikawa 2, D ikawa 1. Kwa hiyo D ya 2015 haina uzito wa D ya leo. Mwongozo wa TCU una maelezo yao pembeni.

Ghala ni kitu kimoja, mnada ni kingine

Kijana wa jirani naye asishangilie haraka. Kuwa na pointi 6 kumempa haki ya kushindana, basi. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, hili halihitaji maelezo mengi, maana korosho imeshatufundisha.

Korosho yako ikifika kwa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, inapimwa. Ikiwa na unyevu au uchafu, hairuhusiwi kwenda ghalani na nzuri. Ikipita, inaandikiwa stakabadhi. Lakini kupita kwenye kipimo hakukwambii utauza kwa shilingi ngapi. Bei inasubiri mnada.

Na mnada wenyewe, ule wa siku za sanduku kabla mambo hayajahamia kwenye mtandao, ulikuwa hivi: wanunuzi wanaandika bei na tani wanazotaka, barua zinafunguliwa mbele ya wakulima, mwenye bei ya juu anapewa mzigo wake kwanza, kisha anayemfuata, kisha anayemfuata, hadi tani za ghala hilo ziishe. Hakuna aliyepanga asubuhi kwamba bei ya mwisho kupata mzigo itakuwa kiasi fulani. Inajulikana jioni. Ghala likiwa na tani chache na wanunuzi wengi, anayeandika bei ya chini anaondoka na lori tupu.

Udahili unakwenda vivyo hivyo. Nafasi ndizo tani. Pointi zako ndiyo bei uliyoandika. Ile wanayoiita katofu, pointi za mtu wa mwisho kuchukuliwa, haipangwi na TCU wala haiandikwi kwenye mwongozo kabla ya maombi; inazaliwa na waombaji wa mwaka huo. Mwaka ambao wengi wamefaulu sayansi, inapanda. Kwa hiyo anayekwambia "mwaka juzi niliingia na pointi kadhaa" anakupa bei ya mnada wa mwaka juzi.

Ndiyo maana Muhimbili, chuo cha serikali kinachokimbiliwa kuliko vyote kwa udaktari, huwachukua watu walio juu sana ya zile pointi 6, ingawa kwenye mwongozo sifa yake ya chini haitofautiani sana na ya wengine. Ukilinganisha vyuo kwa kusoma sifa za chini tu, utaona vinafanana: Muhimbili, Dodoma, Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, Kairuki Dar es Salaam, chuo cha Mtakatifu Fransisko Ifakara. Tofauti zinaonekana kwenye mambo mengine, na la kwanza limo humo humo kwenye mwongozo ila watu hulipita: safu inayoonyesha idadi ya nafasi. Nafasi nyingi na ada kubwa kwa kawaida humaanisha foleni fupi. Nafasi chache na ada ya serikali humaanisha foleni ndefu. Mwenye pointi 6 au 7 anayeomba chuo kimoja tu, tena kile kinachopendwa kuliko vyote, amepeleka barua yenye bei ya chini kwenye ghala lenye wanunuzi wengi kupita yote.

Hapa hupenya uzushi kwamba vyuo binafsi "ukilipa tu unaingia". Ada yao kweli ni mara kadhaa ya ile ya serikali, na ushindani wao kwa sababu hiyo unaweza kuwa mdogo. Lakini sharti la chini ni la wote. Vyuo vikishachagua, majina yanapelekwa TCU kuhakikiwa, na asiye na sifa hurudishwa. Mtu anayekuomba hela akuingizie mtoto mwenye E ya Fizikia kwenye udaktari, hata kama anavaa tai, mwache aende zake.

Tangu 2017 maombi ya shahada hupelekwa kwenye chuo chenyewe. Ule utaratibu wa zamani wa kuombea mahali pamoja TCU uliondolewa. Unaweza kuomba vyuo kadhaa, kila kimoja na ada yake ya maombi. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja. Dirisha hufunguliwa kwa awamu, na nafasi za udaktari mara nyingi humalizika mapema, kwa hiyo kusubiri awamu ya pili ili "kuona upepo" si ujanja.

Mlango wa stashahada na cheti kinachokufuata

Sasa tufike mahali ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wa vijana wa kusini wanaofika kwenye udaktari huja kwa njia hii, na ndiko wengi wanakokwama bila kujua kwamba walikwama zamani.

Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta. Ni mazoea ya tangu enzi za Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyefika Masasi na Lulindi miaka ya 1930 na baadaye akawa Waziri wa Afya: aliye ndani ya koti ndiye anayetibu, mengine hatuulizi. Lakini anayekupokea zahanati pale kijijini mara nyingi ni tabibu, aliyesoma stashahada ya miaka 3 ya utabibu. Daktari, kwa maana ya shahada, amesoma miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini chini ya uangalizi, ndipo asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni ngazi mbili, na ya kwanza inaweza kukupeleka kwenye ya pili.

Stashahada haiko chini ya TCU. Iko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na huko wanatazama kidato cha nne. Kwa stashahada ya utabibu wanataka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo wamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake D na kuendelea. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza nzuri kwa mwombaji, lakini kukosa hayo mawili hakumfungii mlango. Ndiyo maana kijana mwenye F ya Hesabu anaweza kabisa kuingia chuo cha matabibu, akasoma vizuri miaka 3, akaajiriwa, akatibu watu.

Miaka inapita. Anataka kupanda kwenda shahada. Ana GPA, yaani wastani wa alama za chuo, nzuri. Anafungua mwongozo wa TCU wa waombaji wenye stashahada, na sharti la udaktari linasomeka hivi: stashahada ya utabibu yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu yake, kidato cha nne awe na D au zaidi katika Hesabu, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza.

Ile F ya Hesabu, aliyodhani imezikwa, inamsubiri pale pale.

Hii siyo ajali ya mfumo. Milango miwili ina walinzi wawili, kila mmoja na orodha yake. NACTVET ilimwuliza manne, TCU inamwuliza matano. Kufaulu mlango wa kwanza hakumwambii lolote kuhusu wa pili, na hakuna anayemkumbusha siku anapoingia wa kwanza. Binafsi naona vyuo vya kati vingewasaidia sana vijana kama siku ya kwanza tu, kabla ya sare na godoro, wangewaambia: wenye F ya Hesabu au Kiingereza, kama mna ndoto ya shahada, anzeni kurudia sasa.

Kurudia kunawezekana. Unajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo, unafanya somo hilo Novemba, na huhitaji kurudia shule nzima. Kinachouma ni wakati. Mwenye miaka 19 anakaa na vitabu vya Hesabu vya kidato cha tatu bila taabu. Mwenye miaka 31, zamu za usiku, watoto wawili na shamba la mikorosho Newala, anaweza, lakini muulize.

Jambo jingine dogo linalokwamisha wenye stashahada: wao hawaombi kwa namba ya mtihani ya kidato cha sita, wanaomba kwa namba ya uhakiki kutoka NACTVET, ile AVN. Inaombwa kwenye mtandao na inataka matokeo yao yawe yameshapelekwa na chuo. Anayekumbuka AVN wiki ya mwisho ya dirisha amechelewa.

Na je, njia hii ni fupi kuliko kidato cha sita? Hesabu mwenyewe. Kidato cha tano na sita ni miaka 2, shahada 5, jumla 7. Stashahada ni 3, shahada 5, jumla 8, kama hukupumzika katikati. Ni ndefu zaidi kwa mwaka. Faida yake ni kwamba katikati ya safari tayari una kazi mkononi, na kwa familia nyingi za huku hilo lina uzito kuliko huo mwaka.

Nje ya nchi kwa ufupi

Wapo wanaosema MD ni kubwa kuliko MBBS au MBChB. Hapana. Tanzania shahada ya kwanza ya udaktari inaitwa MD; India wanaiita MBBS, Kenya na Uganda MBChB. Ni ngazi ile ile kwa majina tofauti. Marekani ndiko jina la MD linakochanganya, kwa sababu wao huanza na shahada nyingine ya miaka 4, wakafanya mtihani wa kuingilia udaktari uitwao MCAT, ndipo wakaingia chuo cha udaktari kwa miaka 4 mingine. Anayetoka kidato cha sita hawezi kwenda huko kuanza udaktari moja kwa moja kama anavyofanya hapa.

Mawakala wa vyuo vya nje nao hupita sana Agosti, wakati waliokosa nafasi wana uchungu. Baadhi ya vyuo vya nje hupokea mtu mwenye gredi ambazo hapa zisingempa sifa. Ila daktari huyo atarudi kufanya kazi hapa, na hapa shahada yake itapita TCU kutambuliwa na yeye mwenyewe atapita kwenye Baraza la Madaktari. Swali la kuuliza kabla ya kuuza shamba si kama chuo kitampokea. Ni kama akirudi atasajiliwa, na hilo huulizwa TCU, haliulizwi kwa wakala.

Tulikaa na mama wa Nanguruwe kama saa nzima, mwongozo ukiwa umefunguliwa kwenye kioo. Alipoiona E na ile D inayotakiwa zikiwa sambamba, hasira ilimtoka, akabaki na huzuni, ambayo ni rahisi zaidi kufanya nayo kazi. Tukazisoma safu za uuguzi na famasia, binti akaandika vyuo vitatu kwenye daftari. Wazo la kurudia Fizikia Mei ijayo hakulitupa. Nikamwambia kabla hajalipa ada ya mtihani apige simu chuo anachokitaka, awaulize wanavyosoma matokeo ya miaka miwili tofauti, na aandike jina la aliyemjibu.

Wakati wanaondoka mama alisimama mlangoni. Ana wa mwisho, wa kiume, yuko kidato cha pili, naye anasema akifika cha tatu ataacha Fizikia kwa sababu ina hesabu nyingi. Tena anataka udaktari kama dada yake.

"Ameshaandika jina kwa mwalimu?" nikauliza.

"Bado. Wanaandika Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mama alishaanza kutafuta namba ya mwalimu kwenye simu kabla hajafika barabarani.